Lisemwalo Lipo, Lakini Ushahidi U Wapi?

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii tunaipenda mno hapa shuleni. Kila muhula mambo husemwa chini ya miti, kwenye foleni ya githeri na njiani tuendapo nyumbani jioni: ati pesa za basari zimeliwa, ati aliyepewa ni mtoto wa tajiri. Kisha kengele inalia, tunaingia darasani na hadithi inafia hapo. Mpendwa msomaji, naona methali hiyo imetulemaza. Lisemwalo likibaki kusemwa tu, mwizi hana haja ya kukimbia.

Muhula uliopita wenzetu wanne wa kidato cha tatu walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ilhali majina yao yalikuwa yamebandikwa kwenye orodha ya basari katika mlango wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Wazazi walipouliza waliambiwa, "Rudini wiki ijayo." Mwenzetu mmoja hajarudi mpaka leo. Wengi walisema, "Laiti Jicho Pevu ingekuwako!"

Naam, Jicho Pevu kilikuwa kipindi cha KTN kilichoendeshwa na Mohammed Ali, tena kwa Kiswahili. Wale wanaodhani lugha yetu ni ya insha na mashairi pekee, na wakumbuke hilo. Mwezi wa Oktoba 2013, baada ya shambulizi la Westgate, yeye na mwenzake John-Allan Namu walitangaza taarifa yenye picha za kamera za usalama zilizoonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Mkuu wa polisi wa wakati huo alitangaza kwamba wawili hao wangekamatwa. Jamani, hiyo si kazi ya mwoga!

Baadaye njia zao zilitengana. Mohammed Ali alichaguliwa kuwa mbunge wa Nyali mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022. Namu, aliyekuwa ametuzwa na CNN mwaka 2009 kama Mwanahabari Bora wa Afrika, alianzisha na wenzake shirika la Africa Uncensored mwaka 2015, akaendelea kupekua. Simlaumu aliyekwenda bungeni. Lakini kwa maoni yangu, nchi inamhitaji zaidi yule anayebaki na kalamu, kwa maana mbunge ana chama na wapiga kura wa kuwaridhisha, ilhali mpekuzi anapaswa kuuridhisha ukweli tu.

Sasa, mpekuzi hupata wapi habari? Si kwa ramli. Huzipata kwa watu kama mimi na wewe. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukimpata tutamwambia, "Hapa kwetu kuna ufisadi, njooni mtusaidie." Hiyo si habari, hayo ni malalamiko. Hebu linganisha na maneno haya: "Wanafunzi wanne walitangazwa kupewa basari. Muhula wote ulipita na pesa hazikufika shuleni. Tuna picha ya orodha na barua za karo, na wazazi wawili wako tayari kuzungumza." Sentensi tatu tu, lakini mpekuzi atavaa viatu.

Kwanza, basi, sema nani, nini, lini, na umejuaje. Pili, tenga ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Usivichanganye kama maharagwe na mahindi. Tatu, mpe nakala, asili ibaki kwako. Nne, usiibe karatasi za mtu wala usijitie upelelezi peke yako. Sisi bado ni watoto, na mzazi au mwalimu unayemwamini sharti ajue. Tano, mwombe mapema asitaje jina lako ikiwa unaogopa, na usiitangaze siri hiyo kwenye matatu. Sita, kama una ugomvi na mshukiwa, sema wazi. Mpekuzi akija kuligundua mwenyewe, hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Najua wapo watakaosema huu ni umbea uliovishwa suti. La hasha! Mmbea hamwulizi anayesengenywa. Mpekuzi wa kweli lazima abishe hodi kwenye ofisi ile ile na kusikia upande wa pili. Huenda hundi ilichelewa tu. Huenda ilikwenda shule nyingine. Ikiwa ni hivyo, afisa wa watu atasafishwa jina, na hilo pia ni haki.

Tena, kabla ya kumtafuta mwanahabari, kuna mlango ambao wengi hatuujui. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ijibu katika muda wa siku 21. Mzazi akinyimwa jibu, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utendaji. Na barua ile aliyoiandika, ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa, ni ushahidi tosha kwamba aliuliza.

Hapo ndipo chama chetu kinapoingia. Kila mwaka tunashindana kukariri mashairi, na ni vyema. Lakini wazazi wengi hapa kwetu wanaogopa kuandika barua rasmi kwa sababu wanadhani lazima iwe ya Kiingereza. Napendekeza chama kitenge Ijumaa moja kila mwezi, tuwasaidie kuziandika kwa Kiswahili sanifu, walimu wetu wakisahihisha. Barua ya kwanza iwe ya wale wenzetu wanne. Zikipita siku 21 bila jibu, basi tutakuwa na jambo la kumpelekea mpekuzi, wala halitakuwa tetesi.