Jina la Fundi na Liandikwe

Katika shule nyingi za nchi yetu, msomaji, liko jiwe la msingi ukutani karibu na mlango mkubwa. Limechongwa jina la mheshimiwa aliyeliweka, cheo chake na siku aliyofika. Mheshimiwa huyo alipewa mwiko mpya, akatia saruji mara moja, akapigiwa makofi, kisha akaenda zake. Waliochimba msingi, waliopanga mawe, waliofunga nondo na kumwaga zege, waliopaua na kuezeka, hao hawakuandikwa mahali popote. Sisemi kwamba majina yao yote yachongwe ukutani, kwa maana ukuta hautoshi. Nasema neno dogo kuliko hilo, tena lenye manufaa zaidi: kila fundi wa ujenzi aliyehitimu aandikwe katika daftari la nchi, jina lake, kazi yake na daraja la ujuzi wake, na daftari hilo liheshimiwe na kila mtu anayejenga, awe tajiri, awe maskini, au awe Serikali yenyewe.

Mimi ni mwalimu. Sheria hainiruhusu kusimama mbele yenu na chaki mkononi pasipo kuandikishwa kwanza na Tume ya Huduma za Walimu. Daktari naye ameandikwa, na wakili, na mhandisi, na msanifu wa majengo. Hata fundi wa umeme hatakiwi kugusa nyaya za nyumba yako asipokuwa na leseni. Mambo haya ni mema, wala hakuna anayeyalalamikia. Lakini pimeni wenyewe. Mwalimu akikosea neno ubaoni, mwanafunzi mwenye akili atanyosha mkono amsahihishe. Mwashi akikosea nguzo, ni nani atakayenyosha mkono? Umeme twauogopa kwa sababu huua papo hapo. Ukuta twausahau kwa sababu hungoja.

Wala msidhani kwamba sheria haipo. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliipa kazi ya kuwaandikisha wakandarasi, ambao wamepangwa katika madaraja manane. Sheria hiyo hiyo iliipa Mamlaka kazi ya kuwatambua na kuwathibitisha mafundi stadi pamoja na wasimamizi wa kazi za ujenzi. Tena liko jaribio la ufundi la Serikali, linalosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani: daraja la III ndilo la chini, la II ndilo la kati, na la I ndilo la juu. Basi mlango umejengwa. Ajabu ni kwamba wengi wetu twapita dirishani. Nendeni asubuhi na mapema penye kazi kubwa ya ujenzi, mtaona watu wamejipanga langoni. Msimamizi hutoka akawatazama, akamchagua huyu kwa upana wa mabega, na yule kwa sababu ni wa kwao. Anayesema "mimi ni fundi" huwa fundi kuanzia saa ile. Wa miaka ishirini na wa siku mbili husimama mstari mmoja, na jioni hupokea malipo yasiyopishana sana.

Kwa nini jambo hili ni la hatari? Fikirini zege. Limefanywa kwa saruji, mchanga, kokoto na maji, na ubora wake wategemea vipimo. Kibarua aliyechoka hupenda kuongeza maji, kwa kuwa zege jepesi humwagika bila taabu. Lakini kila maji yanayozidi kipimo hulipunguzia zege nguvu likiisha kukauka. Zege likisha mwagwa hutaka kunyweshwa maji siku kadhaa, lisikauke kwa haraka likapasuka. Baada ya siku saba hupata kama theluthi mbili ya nguvu zake. Nguvu ambazo mhandisi amezihesabu katika ramani yake hutazamiwa siku ya 28. Mwenye pupa akiondoa miti ya kutegemeza kabla ya wakati, au akiweka nondo nyembamba badala ya nene, au akiziacha zikaegemea ubao wa chini hata zikakosa kufunikwa, kosa hilo halitaonekana. Wiki moja baadaye litapigwa plasta, na wiki ya pili litapakwa rangi. Mpangaji atakayeingia ataona rangi tu.

Mwezi Januari mwaka 2006, penye Nyamakima katika jiji la Nairobi, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka juu ya wafanyakazi wake. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa sita ilianguka mtaani Huruma, na watu wasiopungua 49 wakafa. Ilikuwa imejengwa kando ya mto, na wakuu wa jiji walisema haikuwa na idhini ya kukaliwa na watu. Sisemi kwamba fundi ndiye aliyeua. Misiba ya namna hii ina mikono mingi ndani yake: mwenye ardhi aliyetaka kodi upesi, mkaguzi aliyefumba macho, na mnunuzi wa vifaa aliyetafuta vya bei rahisi. Lakini kumbukeni kwamba katika kila kazi ya namna hiyo, mtu wa mwisho kuigusa nondo kabla haijafunikwa ni fundi. Yeye huona kwa macho yake kile ambacho mhandisi atakuja kukiona katika karatasi tu. Kwa nini basi hasemi?

Hasemi kwa sababu hana jina. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtu aliyeokotwa langoni asubuhi hana uwezo wa kumwambia mwenye mali, "Nguzo hii siimwagi, nondo zake hazitoshi." Akisema hivyo ataambiwa aende, na kabla hajanawa mikono mwingine ameshika mwiko wake. Lakini fundi aliyeandikwa ana kitu cha kulinda. Anajua kwamba akifanya kazi mbovu kwa kujua, jina lake laweza kufutwa. Anajua pia kwamba sheria ikishikwa, hataweza kuondolewa ili mahali pake pachukuliwe na mpita njia. Daktari hukataa kutoa dawa isiyofaa hata mgonjwa akimpa fedha, kwa sababu cheo chake ni kikubwa kuliko fedha ile. Twataka mwashi na seremala na mfunga nondo wawe na cheo cha kuwawezesha kukataa. Daftari la mafundi si pambo la fundi. Ni kinga ya watu watakaolala chini ya dari yake.

Wako wanaotupinga, na haki ni kuwasikiliza. Wa kwanza husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, fundi mwema hujulikana kwa kazi yake, haina haja ya cheti. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, penye maembe na samaki, ambapo mnunuzi huona na kunusa kabla ya kulipa. Haifai katika nyumba. Uzuri wa ukuta umo ndani ya ukuta, na mnunuzi hawezi kuunusa. Tena siku hizi mwenye kujenga Kitengela huenda hamjui kabisa fundi aliyetoka Kakamega juzi. Kijijini sifa ya mtu yatembea pamoja naye. Mjini humwacha stendi ya basi.

Wa pili husema kwa uchungu: tumeandikishwa vya kutosha. Hao hukumbuka kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha Mwafrika mwanamume mwenye umri wa kwenda kazini kuchukua kipande popote aendapo, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Ndani yake waliandika alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Aliyeacha kazi bila kutiwa sahihi alitafutwa kama mhalifu. Uchungu huo ni wa haki, wala mimi siudharau. Lakini tofautisheni. Kipande kilieleza mtu ni wa nani. Cheti cha ufundi chaeleza mtu anaweza nini. Kipande kilimnufaisha aliyeajiri. Cheti hiki ni cha fundi mwenyewe. Na ili pasiwe na shaka, tudai masharti haya: kadi ya fundi ikae mfukoni mwa fundi wala si katika sanduku la mkandarasi, isiandikwe neno la kumsifu wala la kumtukana kutoka kwa mwajiri yeyote, na asifutwe mtu yeyote katika daftari kabla hajasikilizwa.

Wa tatu wana hoja nzito kuliko wote. Wasema: mafundi wetu walio bora hawakusoma. Walijifunza kwa kubeba maji na mawe nyuma ya fundi mzee. Mkitaka vyeti, mtawatupa nje watu wanaojua na kuwaingiza vijana wenye karatasi wasiojua kushika timazi. Hoja hii yaweza kuwa kweli au uongo. Yategemea sisi tutakavyofanya. Jaribio la ufundi likiwa maswali ya kuandika kwa Kiingereza, ofisini, mbali na mchanga na kokoto, litakuwa dhuluma. Likiwa la mikono, mtu akapewa mawe na pima maji akaambiwa ainue kona, na mtahini akamwuliza kwa Kiswahili kwa nini amefanya vile, hapo mzee asiyejua kusoma atashinda bila shida. Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Ni neno jema. Litakuwa tendo jema siku mtahini atakapokwenda penye kazi kumfuata fundi, badala ya kumngoja fundi apoteze siku tatu za malipo akitafuta mtahini, na ada itakapokuwa ndogo hata mtu wa kazi ya mkono aweze kuilipa.

Wala kutambua ufundi si jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1924 vijana wa Kiafrika walianza kufundishwa kazi za mikono katika chuo cha Kabete. Lakini zamani sana kabla ya hapo, pwani yetu ilikuwa na mafundi waliojenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na majumba yao yangali yamesimama Lamu. Kijana aliyekaa kwa fundi hakujiita fundi kwa kupenda kwake. Alipohitimu alimpa mwalimu wake zawadi iliyoitwa kilemba, na watu wakajua kwamba fulani sasa amefuzu. Lile halikuwa daftari la wino, lakini lilikuwa daftari. Sisi leo tumeacha kilemba wala hatujashika cheti. Tumebaki bila la kale wala jipya.

Sasa nageukia ninyi mnaosoma. Katika shule zetu wapo wanaomtisha mvivu kwa kumwambia, "Utaishia kubeba mawe!" Maneno hayo yamefanya madhara kuliko saruji mbovu. Yamemfundisha mtoto kwamba ujenzi ni adhabu ya walioshindwa, na mtu hawezi kuifanya adhabu yake kwa moyo. Nchi inayowapeleka mjengoni wale tu iliowadharau isistaajabu nyumba zake zikiidharau. Kufunga nondo kwataka hesabu. Kuezeka kwataka jiometri. Kuchanganya zege kwataka sayansi ile ile mnayoisoma katika maabara. Yule anayeitwa "mtu wa mjengo" kwa kejeli anatumia kila siku masomo ambayo wengi wenu mtayasahau baada ya mtihani.

Baadhi yenu mtakuwa mafundi. Nendeni mkafanye jaribio, mpande kutoka daraja la III hata la I, wala msikubali kuitwa vibarua. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi na wakandarasi. Msipokee kazini mfunga nondo ambaye jina lake hamlijui. Baadhi mtakuwa wabunge na maofisa. Serikali ndiyo mjenzi mkubwa kuliko wote, nayo ikiamua kwamba shule, hospitali na nyumba zake zitajengwa na mafundi walioandikwa tu, na kwamba daraja la I litalipwa zaidi ya la III, katika miaka michache kila fundi ataitafuta kadi hiyo bila kusukumwa. Na karibu ninyi nyote siku moja mtajenga nyumba, kubwa au ndogo. Siku hiyo mtauliza bei ya mawe, na bei ya mabati, na bei ya saruji. Ulizeni na jina la fundi, na kazi aliyothibitishwa kuifanya. Akiwa na kadi, isomeni, kisha mlipeni kama mtu mwenye kadi. Akiwa hana lakini mikono yake ina ujuzi, msimfukuze. Mpelekeni akaandikishwe, kwa maana watoto watakaolala chini ya paa lile ni wenu.