Shamba la Nabothi na misitu ya kaya

Wasomaji wa Agano la Kale wanakikumbuka kisa cha Nabothi. Mfalme Ahabu, ambaye hakupungukiwa na kitu, alilitamani shamba la mizabibu lililopakana na kasri lake. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe hadi akafa, naye mfalme akashuka kulitwaa shamba. Kila nisomapo habari za misitu ya kaya, kisa hiki hunijia akilini.

Misitu hiyo ya Wamijikenda ililindwa kwa miiko, wala si kwa bunduki. Humo mna makaburi ya wazee na mahali palipozikwa fingo, na asiyeruhusiwa hakuthubutu kukata hata ufito. Ndipo miti iliyotoweka kwingineko Pwani ikasalia humo. Waingereza waliijua nguvu ya mahali hapo. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama wakatae utawala wao, waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Sisi tuliojitawala hatukuhitaji baruti; hatimiliki ilitosha.

Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992. Hata hivyo, katika muongo huohuo Kaya Diani ilimegwa, na kisiwani Chale hoteli ya kitalii ikajengwa wazee wakipinga. UNESCO ilipoziingiza baadhi ya kaya katika urithi wa dunia mwaka 2008, tulishangilia kilichosazwa.

Sisemi kwamba maskini hana hatia. Akataye boriti msituni anaharibu, na wapo vijana wenyeji walioviiba vigango vya mababu, vikaishia katika makavazi ya Marekani. Lakini mara nyingi mwenye shoka hushtakiwa kwa mti mmoja, na mwenye kuuzungushia msitu ua hupewa hati.

Huenda ukaniuliza, ndugu msomaji, yanihusu nini matambiko ya wengine. Yanihusu kwa sababu yamebeba fikira ambayo dini zetu kubwa zinaikiri kwa mdomo tu: kwamba ipo ardhi isiyo na bei. Kurani inamtaja mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi. Kitabu cha Mwanzo kinasema aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Khalifa ni mwakilishi, na mwakilishi hana idhini ya kuuza. Ndiyo maana naiona tamaa ya ardhi kuwa dhambi ya imani kabla ya kuwa kosa la sheria, na sishangai kwamba mahakama peke yake imeshindwa kuitibu.

Huko Kaya Kinondo, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia, na ada anayolipa huwafaa wanakijiji. Walimu wa Pwani wawapeleke wanafunzi huko. Wakishaonyeshwa miti, wamwulize mzee anayewaongoza: msitu huu zamani ulikomea wapi, na ng'ambo ya mpaka wa leo kuna jina la nani kwenye hati?