Shemeji katuma linki ya dawa ya uvimbe wa ubongo. Tuuze kiwanja?

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja msomaji wa ukurasa huu. Ameniruhusu kuueleza hapa, ilimradi nisitaje jina wala mkoa anaoishi.

Mwanawe ana miaka saba. Ilianza kwa kengeza cha ghafla, akawa anapepesuka akitembea, kisha maneno yakaanza kumkwama. Majirani walisema kijicho, zikapita karibu wiki nne wakizunguka kwa waganga. (Mzazi, kengeza kinachotokea ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima hakisubiri. Hata kutapika kila asubuhi pamoja na kuumwa kichwa. Hospitali, siku hiyohiyo.) MRI ilionyesha uvimbe katikati ya shina la ubongo, mahali ambapo daktari wa upasuaji hawezi kuuondoa bila kumharibu mtoto. Wameshauriwa mionzi. Daktari hakuwaficha: mionzi itampa nafuu kwa muda, haitamponya.

Ndipo shemeji yake aliyeko Marekani akatuma linki kwenye kundi la familia: "Dawa imepatikana!" Ukoo ukakaa. Baba mkubwa anasema kiwanja kiuzwe, mtoto apelekwe huko akaingizwe kwenye majaribio. Bibi anasema mjukuu wake hawezi kugeuzwa panya wa maabara. Mama ananiuliza amsikilize nani.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka 19, na swali hili nimelisikia kwa sura nyingi. Nianze na bibi, maana hofu yake ina haki.

Majaribio ya tiba maana yake ni kwamba madaktari wana swali ambalo hata wao hawana jibu lake. Hatua ya kwanza huuliza dozi ipi mtoto anaistahimili. Ya pili huuliza kama dawa inaufanya uvimbe chochote. Ya tatu huilinganisha na tiba iliyozoeleka, na hapo mara nyingi kompyuta hupiga kura nani apewe nini. Si daktari anayechagua, wala si mzazi.

Sasa angalia kura hiyo inavyofanya kazi. Kuna uvimbe wa ubongo wa watoto uitwao meduloblastoma, unaoota nyuma ya kichwa. Zamani baada ya upasuaji watoto walipigwa mionzi ya kipimo cha 36 kwenye ubongo wote na uti wa mgongo. Wengi walipona, lakini darasani wakabaki nyuma, na wengine hawakurefuka. Majaribio yakaonyesha kwamba kwa wale ambao uvimbe haukusambaa, kipimo kinaweza kushushwa hadi 23.4 kikisaidiwa na dawa za saratani. Wakajiuliza: je, kwa wadogo wa miaka mitatu hadi saba, tushuke hadi 18? Wazazi wakatia saini, kura ikapigwa. Majibu yaliyochapishwa 2021 yalisema hapana. Waliopunguziwa zaidi hawakufanya vizuri kama wenzao.

Wazo lilikuwa jema kabisa, la kumwonea mtoto huruma, na lilikuwa na kosa ndani yake. Bila wazazi wale, huenda leo watoto wetu wangekuwa wanapewa kipimo kisichotosha.

Mara nyingine jibu huwa la furaha. Watoto 110 wenye uvimbe unaokua polepole, wenye badiliko la vinasaba liitwalo BRAF V600E, waligawanywa: wengine dawa mbili za kunywa, dabrafenib na trametinib, wengine dripu za kawaida. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 47 ya waliokunywa, na asilimia 11 ya waliopata dripu. Marekani wakaziidhinisha dawa hizo kwa watoto Machi 2023.

Kwa hiyo bibi, shikamoo, panya haulizwi. Mzazi anaulizwa. Anasomewa karatasi ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, anaruhusiwa kuondoka nayo akaijadili nyumbani, na hata akishatia saini anaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa. Kijana wa miaka 18 anatia saini mwenyewe, hata kama baba anagonga meza. Nimeona baba wakigonga meza.

Sasa baba mkubwa na kiwanja chake.

Nilimwomba mama anitumie ile linki. Habari ni ya kweli. Dawa inaitwa dordaviprone, na Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha, kwa masharti kwamba uchunguzi uendelee, kwa wagonjwa wa kuanzia mwaka mmoja wenye uvimbe wa katikati ya ubongo wenye badiliko liitwalo H3 K27M, ambao umeendelea kukua baada ya matibabu. Lakini soma hadi chini. Waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 50, watoto na watu wazima. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 22, yaani watu 11. Na wale ambao uvimbe wao ulianzia katikati ya shina la ubongo, kama wa mtoto huyu, hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Ilibidi nimwandikie hivyo. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuutuma.

Jambo la pili ambalo shemeji amelichanganya: dawa iliyoidhinishwa inanunuliwa, na kwa bei ya huko. Iliyo kwenye majaribio, katika utafiti wa kweli, kwa kawaida mgonjwa haiuziwi. Ila nauli, viza, pango la miezi na vipimo vingine vinaweza kuwa juu yenu. Kiwanja kinaweza kuisha kwenye pango kabla mtoto hajapimwa.

Tena majaribio yana mlango mwembamba. Mengi ya uvimbe huu humtaka mtoto awe amemaliza mionzi, na huhesabu wiki tangu alipomaliza. Mengine humkataa aliyekwishapewa dawa fulani. Mengi hutaka kinyama kilichopimwa vinasaba, na si kila maabara ya kwetu hufanya kipimo hicho. Mtoto wako akichukuliwa kinyama, uliza kinahifadhiwa wapi, na usiruhusu kipotee. Dawa za mitishamba mtajieni daktari zote, hata zile mnazoona aibu kuzitaja.

Nilimshauri mama hivi. Mionzi ianze, isisubiri viza ya mtu. Wakati huohuo mwombe daktari wake aandike barua pepe kwa daktari wa utafiti huko, aambatanishe picha za MRI na ripoti. Daktari kwa daktari hujibizana, na barua hiyo haihitaji kiwanja. Shemeji, badala ya linki za habari, atafute namba ya utafiti. Ulioandikishwa kwenye sajili ya Marekani una herufi NCT na tarakimu nane; daktari akiwa nayo ataona nani anakubaliwa na wapi. Kuandikishwa si kuthibitishwa, lakini. Wapo waliojiandikisha humo na bado wanawatoza wagonjwa. Anayekwambia "lipia nafasi ya majaribio" mwogope, awe Marekani au Kariakoo. Hapa Tanzania utafiti wa dawa kwa binadamu lazima uwe na kibali cha TMDA na cha maadili kutoka NIMR. Omba kuviona. Mtafiti wa kweli haoni ni kero.

Na ukikaa na daktari huyo, muulize: mwanangu asipoingia, atatibiwa nini? Akiingia, atalazwa siku ngapi, atachomwa sindano ngapi? Utafiti huu unatafuta dozi, au unatafuta nafuu? Kwa hatua ya kwanza, mtoto anaweza kuwa anawasaidia watakaokuja zaidi ya anavyojisaidia. Wapo wazazi wanaosema ndiyo wakijua hivyo. Wapo wanaosema hapana, miezi iliyobaki wanaitaka nyumbani. Nimewahudumia wote, na sikuwahi kuona kundi lililompenda mtoto zaidi.

Jumanne mama aliniandikia tena. Mionzi imeanza, mtoto analala vizuri, jana ameomba chapati. Daktari amekwishaandika, majibu bado. Baba mkubwa amekubali kiwanja kisubiri hadi ije barua ya kumpokea mtoto, yenye namba na saini, na shemeji anatuma nauli ya kwenda na kurudi hospitali kila wiki.