Wazikwe hata wasio na majina

Mwanamke akifa hapa Bagamoyo, sisi tunaoitwa kumwosha humfumua nywele zote. Awe alisukwa jana au zimebaki mvi chache za uzeeni, tunafumua taratibu, tunapitisha vidole mpaka kwenye ngozi ya kichwa, tunaosha kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, tunachana, halafu tunamsuka misuko mitatu na kuilaza kisogoni. Nywele zinazonyofoka na chanuo hazitupwi. Tunaziokota na kuzitia ndani ya sanda, aende nazo. Mwoshaji akiacha hata unywele kwenye chanuo, wakubwa zake watamsema mpaka aone haya. Marehemu huzikwa na kila kilicho chake.

Nimeitaja kazi hii mapema ili msomaji ajue nani anayesema naye. Mimi si mwanasiasa wala mtaalamu wa makumbusho. Nilifundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na uoshaji nilifundishwa na shangazi yangu. Kazi zote mbili zimenifikisha kwenye neno moja: wako watu wa nchi hii zaidi ya 200 ambao hawajazikwa mpaka leo, mahali walipo panajulikana, na sisi bado tunazungumza habari zao kama vile ni mzigo wa kale uliokwama forodhani.

Mwaka 2011 taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilipokea maelfu ya mafuvu ya binadamu kutoka hospitali ya Charité. Kuanzia 2017 watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Rwanda, waliyachambua yale yaliyotoka katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Walikuta mafuvu 1,135. Kati ya hayo, 904 yalitoka sehemu ambazo leo ni Rwanda, 22 Kenya, na 202 Tanzania. Mengine yalifukuliwa makaburini, mengine yalitoka hospitali, mengine ni ya watu walionyongwa. Aliyeyataka zaidi ni Felix von Luschan, daktari Mwaustria aliyefanya kazi katika makumbusho ya Berlin, ambaye aliandika mwongozo wa kuwaelekeza wasafiri, maafisa na madaktari wa makoloni namna ya kukusanya vitu na mifupa ya watu. Alikuwa na mkusanyo wake binafsi pia, mafuvu kwa maelfu, na alipofariki mwaka 1924 ukanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya historia ya viumbe ya New York, American Museum of Natural History. Kwa hiyo ndugu zetu wengine wako ng'ambo ya bahari ya pili.

Kuna jambo ambalo taarifa za namna hii hulipita haraka, nami siwezi kulipita kwa sababu ya kazi yangu. Fuvu halitoki kwa mtu likiwa jeupe. Kabla ya kuandikwa namba kwa wino lilikuwa kichwa, chenye nywele, ngozi na masikio. Lazima mtu fulani alichemsha, akachuna, akakwangua. Huko Namibia, katika vita vya Wajerumani dhidi ya Waherero na Wanama vilivyoanza 1904, wanawake wafungwa walilazimishwa kukwangua nyama kwenye vichwa vya watu wao kwa vipande vya chupa, mafuvu yakapakiwa kwenye masanduku na kupelekwa Ujerumani. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Mikono ya wanawake wale na mikono yangu imeshika mahali pale pale pa mwili wa binadamu.

Kichwa cha adui kuwa zawadi si jambo lililozuliwa na Wajerumani. Herodotus, yule Mgiriki mwanahistoria, aliandika kwamba mpiganaji wa Kiskiti alimchuna adui ngozi ya kichwa, akailainisha, akaitundika kwenye hatamu ya farasi wake, na aliyekuwa na nyingi ndiye aliyeheshimiwa. Watu wengi wakisikia habari za kuchuna ngozi za vichwa huwaza Wahindi Wekundu wa sinema tu. Sinema hazionyeshi kwamba serikali za walowezi zililipa kwa kila ngozi iliyoletwa. Mwaka 1755 naibu gavana wa Massachusetts, Spencer Phips, alitangaza bei dhidi ya Wapenobscot: pauni 40 kwa ngozi ya kichwa cha mwanamume, pauni 20 kwa ya mwanamke au ya mtoto wa kiume aliye chini ya miaka 12. Fedha hizo zilitoka hazina ya serikali. Mtu aliketi ofisini akapanga bei ya utosi wa mtoto, akatia saini.

Hesabu hiyo hiyo ilifika kwetu. Chifu Mkwawa wa Wahehe aliwekewa rupia 5,000. Alipojipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, askari wa Kijerumani aliyemkuta alimkata kichwa akakipeleka kwa mkubwa wake, Tom von Prince. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900 pamoja na wenzake, na ukoo wake unatafuta kichwa chake mpaka leo. Songea Mbano, nduna wa Wangoni, alinyongwa Februari 1906 katika vita vya Majimaji, naye anatafutwa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda mji wa Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kumtafuta. Niliusikiliza ule msamaha kwa moyo mweupe. Aliyekuja kuomba radhi kwenye kaburi la aliyeuawa na wazee wake amefanya jambo ambalo babu yake hakulifanya.

Lakini angalieni waliotajwa: chifu, mangi, nduna. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoidai Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akachagua moja kati ya mengi kwa vipimo na tundu la risasi, likakabidhiwa Kalenga Juni 1954. Nafurahi kwa Wahehe. Lakini yale mengine aliyoyapima akayarudisha rafuni, hakuna mkataba uliowahi kuyataja.

Nasema hivi kwa sababu ya pwani yetu. Sisi tunamjua Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya 1888 na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tunamjua Bwana Heri wa Saadani. Wanafunzi wangu walijibu maswali juu ya hao kwenye mitihani bila shida. Lakini Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani, hakumnyonga Bushiri peke yake. Hapa Bagamoyo, karibu na ufuko, pamewekwa alama mahali Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu. Hatua chache tu kutoka hapo yako makaburi ya Wajerumani wenyewe, wengi wao waliokufa miaka ile ile ya vita. Yanatunzwa vizuri, mawe yake yana majina na tarehe, na mgeni yeyote anayasoma. Sina kinyongo na makaburi yale. Vijana wale walikufa mbali na mama zao, na ni haki wawe na mawe. Ninachouliza ni kwa nini mahali pa kunyongea hapana hata jina moja.

Na mji huu huu unajua vizuri sana maana ya kumrudisha maiti kwao. Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliingia Bagamoyo na mwili wa bwana wao, msafiri wa Kiskoti David Livingstone, walioubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, kwa zaidi ya kilomita 1,500. Waliukausha kwa chumvi na jua, moyo wakauzika chini ya mti kule kule, mwili wakauficha ndani ya magome na nguo kwa sababu njiani kulikuwa na vijiji visivyotaka maiti apite. Wamisionari wakaupokea, ukasafirishwa, na Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster Abbey mjini London. Watu weusi walimrudisha mzungu mmoja kwao, kwa miezi tisa ya kutembea. Miaka ishirini na kitu baadaye meli zilikuwa zikitoka pwani hii hii na masanduku ya vichwa vyetu.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mdoe, wa huko karibu na mto Wami. Richard Burton, Mwingereza aliyeanza safari yake ya bara kutoka Kaole mwaka 1857, aliwaandika Wadoe kuwa ni washenzi wala watu, wanaonywea kwenye mafuvu. Maneno hayo yalisomwa Ulaya nzima, na nyanya yangu alitaniwa nayo mpaka uzeeni na watani zake. Kizazi kimoja tu baada ya kitabu kile, wasomaji wake ndio waliokuwa na mafuvu ya Waafrika juu ya meza zao, wakiyapima kwa rula na kuyaita elimu. Hakuna aliyewaandika wao kuwa ni washenzi. Natamani nyanya angeishi nimwambie hili.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba wamepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro. Mmoja wa wafu hao anajulikana kwa jina la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Ni habari njema, na koo hizo zina haki ya kufurahi. Lakini tangu hapo mazungumzo yote yamekuwa ya vinasaba, kana kwamba mfu asiyepatiwa mjukuu anayefanana naye damu hana kwao. Kipimo hicho kinahitaji mtu aliye hai wa kulinganisha naye. Mtumwa aliyetoroka shamba la Pangani, mpagazi wa Kinyamwezi aliyekufa kwa ndui akisubiri msafara, mwanamke aliyefia hospitali bila jamaa: hao watalinganishwa na nani? Hapa kwetu maji yakileta maiti ufukweni, hatuulizi kwanza vinasaba. Polisi wakishamaliza kazi yao na jamaa wasipotokea, mtaa unachanga sanda na vijana wanachimba. Huo ndio utaratibu niliokulia, na sioni sababu ya kuubadili kwa sababu maiti alipitia Berlin.

Najua maswali yatakayoulizwa, kwa sababu nimeulizwa barazani. Watazikwa kwa dini gani? Wengine walikuwa Waislamu, wengine Wakristo wa misheni, wengine wa mizimu yao. Jibu langu ni kwamba masheikh, mapadri na wazee wa jadi wa Bagamoyo wameshawahi kusimama pamoja kwenye shughuli nyingi, na kila mmoja atasoma chake. Swali la pili: kwa nini tutumie fedha kwa waliokufa zaidi ya karne iliyopita wakati zahanati hazina dawa? Ninaheshimu swali hilo, maana nami napanga foleni kwenye zahanati hizo hizo. Lakini gharama ya makaburi 202 si gharama ya hospitali, na serikali ya Ujerumani, ambayo rais wake ameshaona haya mbele yetu, haitashindwa kuilipa.

Hofu yangu kubwa ni nyingine kabisa. Namibia walirudishiwa mafuvu mwaka 2011, 2014 na 2018, kwa sherehe na machozi, na baada ya sherehe yakawekwa ghalani katika makumbusho ya Windhoek. Afrika Kusini walifanya vingine. Klaas na Trooi Pienaar, mume na mke waliofukuliwa mwaka 1909 kwa ajili ya mtafiti Mwaustria Rudolf Pöch, walirudishwa kutoka Vienna mwaka 2012 wakiwa ndani ya majeneza, si masanduku ya makumbusho, wakazikwa Agosti mwaka huo Northern Cape, rais wa nchi akiwapo. Sitaki ndugu zetu watoke rafu ya Berlin waje kukaa rafu ya Dar es Salaam wakisubiri kamati.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nayaomba kwa Wizara ya Maliasili na Utalii yenye dhamana ya malikale, na kwa mbunge wetu. Kwanza kiwanja. Kitengwe hapa Bagamoyo, juu ya ufuko, kipimwe na kipewe hati ya makaburi ya taifa kabla fuvu la kwanza halijapanda ndege, ili pasizuke hoteli. Pili, muda. Mafuvu yenye dalili za ukoo yapewe muda unaojulikana wa kupimwa na kutafutiwa jamaa, tuseme miaka miwili, na ukiisha yazikwe pamoja na mengine. Sampuli itabaki maabara, na ndugu akipatikana baadaye ataoneshwa kaburi. Tatu, kila mmoja awe na kaburi lake na jiwe lake. Mafuvu mengi yameandikwa kwa wino mahali yalikotoka, basi mahali hapo pachongwe kwenye jiwe palipotakiwa kuwa na jina. Na barua ya kuwadai walioko Berlin itakapoandikwa, nakala yake yenye madai hayo hayo iende New York.