FUNDI WA NYUMBANI: Vyuma vya kutu tunavyovichimbua

Mvua ziko karibu, watu wanachimba bustani na mashimo ya vyoo, na wengi wametuuliza: hiki chuma cha kutu tulichokitoa udongoni ni nini, na kinafaa kitu? Mara nyingi kinafaa. Jembe jipya ni pesa, na pesa ya hapa kambini sote tunaijua.

Lakini subirini kwanza. Kama chuma kina umbo la embe au chupa, kina mapezi mkiani au pete ndogo, kiacheni hapo hapo. Msikiguse, msikigonge, msikitie motoni. Rudini kwa njia mliyojia, zuieni watoto, mwambieni polisi au viongozi wa kambi. Tunasema hivi hasa kwa wanaojiandaa kurudi Kongo au Burundi, maana mashamba ya huko yamepitiwa na vita.

Sasa angalieni tundu la mpini. Tundu la mviringo kwenye bapa pana, hilo ni jembe la dukani. Tundu la umbo la yai na mwili mnene unaokonda kuelekea makali, shoka. Kipande kirefu chenye mistari midogo midogo ni tupa. Kama ni bapa pana isiyo na tundu ila ina mkia uliochongoka, huenda ni jembe la wahunzi wa zamani, lile la kuchomekwa ndani ya mpini. Wazee wanalikumbuka, lilitolewa hata mahari! Hilo msilisugue. Waonyesheni wazee na viongozi, kwa sababu Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964.

Kusafisha si kazi kubwa. Toeni udongo kwa kijiti, osheni, kausheni. Kutu nyepesi inatoka kwa mchanga na kipande cha gunia. Kutu nene, lowekeni chuma usiku mmoja ndani ya siki au maji ya ndimu, asubuhi sugueni kwa brashi ya waya. Msiache siku nyingi, siki itakula na chuma kizima. Suuzeni kwa maji ya majivu ili ukali wa siki uishe, kausheni juani palepale, pakeni mafuta. Mawese yanafaa (akina mama watanuna, mawese ni ya mboga!), basi tafuteni oili chafu ya pikipiki. Na msichome chuma ati kutu itoke: kikiwa chekundu, makali yanapoteza ugumu wake.

Kuhusu pepopunda, watu husema inatokana na kutu. Hapana, vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na chuma cha kuchimbuliwa kimejaa udongo. Aliyechomwa au kukatwa aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, aende zahanati siku hiyo hiyo kuulizia sindano, hata kama kidonda ni kidogo na damu imekauka.

Mwezi ujao: kuchagua mti wa mpini.