Tunaomba Simu Moja ya Maabara

Sisi tunaokuja shule kwa matatu tunajua: dereva akifunga breki ghafla, unajikuta umemwangukia mama wa watu, na pole unaitoa wewe. Mwalimu wa fizikia huiita inesha. Tuliandika maana yake, tukaikariri, basi.

Kumbe inesha hiyo hiyo imo ndani ya simu! Mna kipande cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mahindi, kiitwacho aksileromita. Roylance na Angell wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza aksileromita ya silikoni mwaka wa 1979. Katika hii ya simu, uzani mdogo mno umening'inizwa kwa springi za silikoni. Simu ikisukumwa, uzani hubaki nyuma kama abiria. Nafasi kati yake na vibamba vya kando hubadilika, na umeme hupima badiliko hilo.

Kazi iko kwa springi. Ya mfuko wa hewa wa gari iwe ngumu, kwani ajali hupiga mara makumi ya nguvu ya uvutano. Ya simu iwe laini, ihisi hata mkono ukitetemeka. Na kwenye roketi, kosa dogo huzidi kujilimbikiza safari nzima.

Najua kwa nini simu ni marufuku shuleni. Hata mimi singejiamini nayo darasani. Lakini jamani, moja tu, kuukuu, ifungiwe kabatini, ufunguo awe nao mwalimu. Tuiangushe tuone kipimo kikikaribia sifuri ikiwa hewani. Tulipoomba, tuliambiwa tuchore toroli.

Toroli tumechora. Godoro la kuiangushia nitaleta mimi.