Hakuwa na Huduma Yoyote

Miaka michache iliyopita nilimzika mama mmoja katika usharika niliokuwa nikiutumikia. Alikuwa mjane. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaanga maandazi na kupika uji, akauza alfajiri pale stendi ya mabasi. Kwa maandazi hayo alisomesha watoto wake wanne, na wa tano wa jirani aliyefariki.

Usiku wa kuamkia maziko, mzee wa kanisa wa mtaa wake alikaa na familia kuandika wasifu wa marehemu. Waliandika alipozaliwa, alipobatizwa, alipopata Kipaimara na alipofunga ndoa. Walipofika penye huduma katika kanisa, wakakwama. Hakuwa mwanakwaya. Hakuwa katika kamati. Kikundi cha wanawake alihudhuria kwa nadra, maana kilikutana saa za biashara yake. Basi kesho yake ikasomwa mbele ya jeneza, kwa kipaza sauti, kwamba marehemu hakuwa na huduma yoyote kanisani, ila alihudhuria ibada kwa uaminifu.

Makondakta na wapiga debe wa stendi walikuja wengi, wakasimama nyuma kabisa. Hakuna aliyewapa nafasi ya kusema neno. Mimi nilihubiri dakika ishirini na sikuisahihisha ile sentensi. Baada ya maziko binti yake mkubwa akaniuliza taratibu, bila hasira, "Baba mchungaji, kwa hiyo mama hakumfanyia Mungu kitu?" Nikamjibu maneno mazuri ya faraja ambayo hayakujibu swali lake. Makala hii ni jibu langu lililochelewa, na lawama zilizomo zinaanzia kwangu.

Nasema wazi, washarika wapendwa: tumewafundisha vibaya juu ya maisha ya Kikristo yenye kusudi. Tumewafundisha, kwa maneno na zaidi kwa matendo, kwamba kumtumikia Mungu ni kufanya kitu ndani ya uzio wa kanisa. Na hapo tulipoacha pengo, wengine wameingia na fundisho lao: kwamba kusudi la maisha yako ni siri iliyofichwa, kwamba anahitajika mtu wa pekee wa kukufunulia, na kwamba likifunuliwa utaliona kwa gari, nyumba na safari za ng'ambo. Mafundisho haya mawili yanaonekana kama maadui, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanasema kwamba Mungu hayupo kwenye kazi yako ya Jumatatu.

Nianze na hilo la siri. Nilimfahamu seremala mmoja hodari. Akaanza kuhudhuria mikutano ya kufunuliwa hatima, akaambiwa kwamba randa na msumeno ni kifungo cha ukoo, yeye ameumbwa kwa mambo makubwa. Akafunga karakana ili aombe siku ishirini na moja. Vitanda alivyokwisha kupokea fedha za kianzio vikabaki mbao. Vijana wawili aliokuwa akiwafundisha kazi wakatawanyika. Wateja wakampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliporudi, jina lake la ufundi lilikuwa limekufa, na yule aliyemfunulia hatima akamwambia kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Sipingi kufunga na kuomba. Napinga kumtaja Mungu kuwa ndiye aliyemwita mtu aache kitanda cha watu nusu. Katika Marko 6 watu wa kijijini kwao walimtambua Bwana wetu kuwa ni seremala, na walimdharau kwa hilo. Dharau hiyo ilikuwa ya wale wasioamini. Leo inahubiriwa na wanaojiita waamini.

Na lile neno la Yohana 10 linaloandikwa kwenye mabango, la uzima tele, lisomeni pamoja na majirani zake. Anayeahidi uzima huo ni Mchungaji ambaye papo hapo anasema anautoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Anayekuja kuchukua ni mwizi. Mtu akikutajia bei ya uzima tele, iwe ni ya chupa ya mafuta au ya bahasha, jiulize ni nani kati ya hao wawili anayezungumza nawe.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, maana kwetu Walutheri aibu ni kubwa zaidi. Jambo hili ndilo lililopiganiwa na Martin Luther. Siku zake watu waliamini kwamba wenye wito ni watawa na mapadre. Mkulima, mshona viatu na mama wa nyumbani walikuwa Wakristo wa daraja la chini. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa Ujerumani, alilikataa hilo. Alisema wote waliobatizwa ni wa hali moja ya kiroho. Kinachotofautiana ni kazi tu. Mwaka 1522, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, alimsifu baba anayefua nepi za mtoto wake: watu watamcheka, lakini Mungu na malaika wake wanafurahi, kwa kuwa anaifanya kazi hiyo kwa imani. Na neno la Kijerumani alilolitumia kwa wito, Beruf, ndilo Wajerumani wanalolitumia hadi leo kwa kazi anayoifanya mtu.

Haya niliyasoma chuo cha theolojia. Niliyaandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Kisha nikapelekwa usharikani, na jambo la kwanza nililofanya ni kuunda kamati.

Tena hatuhitaji kwenda mbali. Vijana wetu wa Kipaimara wanakariri Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529. Penye maungamo, Mkristo anapouliza ni dhambi zipi aziungame, anaelekezwa aangalie nafasi yake katika nuru ya Amri Kumi: je, yeye ni baba, mama, mwana, binti, bwana au mtumishi? Je, amekuwa mvivu? Amemwumiza mtu? Ameiba, amepuuza wajibu wake? Luther hakuuliza unaimba kwaya gani. Alijua kwamba Mungu atamkuta mtu pale alipo na watu wake.

Someni pia Matendo ya Mitume sura ya 9. Dorkasi alifariki huko Yafa, na Petro akaitwa kutoka Lida. Alipopandishwa chumbani, hakusomewa orodha ya vyeo vya marehemu. Wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai. Huo ndio wasifu uliosomwa: nguo mikononi mwa watu waliozivaa. Nami nilipoisoma sura hiyo tena baada ya maziko yale, niliwakumbuka wale makondakta waliosimama nyuma. Walikuwa ndio wajane wa Yafa, wamekuja na ushuhuda wao, na sisi hatukuwauliza.

Kosa hili lina upande wa pili, nao unatisha kuliko wa kwanza. Ikiwa wema wa Jumatatu hauhesabiwi kanisani, basi na dhambi ya Jumatatu haihesabiwi. Nilikuwa na mzee wa kanisa mmoja, mnunuzi wa viazi. Mnadani baada ya ibada alikuwa baraka: kuku mmoja anamnunua kwa bei ya kuku watatu, kisha anamrudisha anadiwe tena. Tulimpigia makofi, na mimi mbele ya wote. Siku za kazi alinunua viazi kwa lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezewa juu, linashonewa kichwa kama kilemba, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliotamani sabato iishe upesi ili warudi kwenye vipimo vyao vya uongo. Nilijua mambo hayo. Wakulima aliowapunja walikaa mabenchi ya nyuma katika kanisa lile lile. Kwa hiyo kuku yule niliyempigia makofi alikuwa amenunuliwa kwa viazi vya washarika wangu, na mimi nilinyamaza.

Yohana Mbatizaji hakunyamaza. Katika Luka 3 watoza ushuru walimwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wahamie jangwani pamoja naye. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoagizwa. Askari nao akawaambia wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Toba yao ilikuwa na mahali pake: penye meza ya ushuru na mkononi penye silaha. Toba ya mnunuzi wa viazi iko kwenye mdomo wa gunia.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mmoja atasema, "Mchungaji anadharau kwaya, uinjilisti na wazee wa kanisa." Hapana. Neno na Sakramenti ndiyo meza tunapolishwa, na wanaotuandalia meza hiyo wana heshima yao. Lakini mtu hali ili aendelee kukaa mezani. Anakula apate nguvu ya kwenda shamba.

Mwingine atasema, "Unawaambia maskini waridhike na hali yao." Pingamizi hili ni zito, kwa sababu fundisho la wito limewahi kutumiwa hivyo. Luther mwenyewe, mwaka 1525, aliwaandikia wakulima walioasi maneno makali ambayo hatupaswi kuyatetea. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 7, hapo hapo anaposema kila mtu akae katika wito wake, anamwambia mtumwa kwamba akiweza kupata uhuru, autumie. Wito si kamba ya kukufunga penye dhuluma. Binti wa kazi za ndani anayelipwa kidogo na kulala mwisho hakuitwa kunyonywa. Mwenye nyumba, msharika wetu, ndiye aliyeitwa kumlipa kwa wakati na kumwacha apumzike.

Na wa tatu anauliza kwa unyonge: "Mimi sina kazi. Mimi ni mgonjwa. Mimi nimezeeka. Je, sina kusudi?" Ndugu yangu, sikiliza vizuri. Paulo anapowaandikia Waefeso, katika sura ya 2, anaanza na neema, ndipo anafika kwenye matendo ambayo Mungu ameyatayarisha tangu awali. Thamani yako haikutoka kwenye kazi, na haiondoki na kazi. Ulipewa katika maji ya ubatizo, wengi wetu kabla hatujaweza hata kushika kijiko. Bibi aliyelala kitandani akiwataja wajukuu wake kwa majina mbele za Mungu hajastaafu wito wake. Na kijana asiye na ajira anayemwogesha babu yake aliyepooza yuko kazini.

Kwa hiyo naomba mambo kadhaa, na siyaombi kwa upole. Wazee wa kanisa, badilisheni namna ya kuandika wasifu. Msiulize tu marehemu alikuwa kikundi gani; ulizeni ni nani alikula, alivaa, alisoma au alipona kwa mikono yake, na hao wapewe nafasi ya kusema. Viongozi wa vikundi, mkipanga saa za kukutana, mkumbukeni mama wa sokoni. Wachungaji wenzangu, tokeni ofisini mkawatembelee washarika kwenye vibanda, mashamba, wodi na karakana zao, tena msiende kuomba mchango. Jumapili waombeeni wauguzi, madereva, mama lishe, walimu na vijana wa bodaboda kwa kazi zao. Na hubirini juu ya mizani, hata kama mwenye mizani ndiye anayechangia zaidi ujenzi.

Nawe msharika, acha kuhangaika kutafuta kusudi kama mtu anayetafuta hazina iliyozikwa na mababu. Asubuhi ukiamka jiulize jambo moja: leo Mungu amemweka nani mbele yangu, na mtu huyo anahitaji nini kutoka kwangu? Mwanao anahitaji usikilizaji wako. Mteja anahitaji kipimo kamili. Mgonjwa anahitaji muuguzi asiyemfokea. Mwenzio wa ndoa anahitaji kweli. Fanya hilo kwa imani. Ukishindwa, ungama, usamehewe, uanze tena kesho. Maisha ya namna hiyo hayana bango wala mkutano wa kuyasherehekea, lakini yamejaa.

Binti yangu, uliniuliza siku ile nami nikakukwepa. Nisamehe. Mama yako alikuwa na huduma. Ilianza saa kumi alfajiri, mimi mchungaji wake nikiwa bado nimelala, na watu walikwenda safari zao wameshiba.